Nimefufua Gigaset C470IP ya 2008 iwe simu ya kawaida tu ya Bibi, haya ndo niliyoyaona baada ya miezi mitano

Niseme mapema kabisa, hii sio simu mpya na dukani huikuti, kwa hiyo kama unatafuta kitu cha kwenda kununua leo jioni hapa sipo. Ni simu ya mezani ya intaneti, Siemens Gigaset C470IP, ami yangu aliinunua Ujerumani mwaka 2008 akaitumia mpaka akachoka nayo, halafu mwaka jana alipokuja likizo kanishushia begi zima la vyuma vyake vya zamani, ananambia tazama kinachokufaa chukua, kisichofaa katupe wewe maana mie roho inaniuma. Ndani mlikuwa na waya kilo mbili hivi, chaja za simu ambazo hazipo tena duniani, na simu mbili za mezani zisizo na waya, hii Gigaset yenye mikono miwili (mkono ni kile kipande unachoshika sikioni) na nyengine Philips VOIP841. Zote mbili kwa zama zake zilikuwa ndo habari ya mjini, unachomeka kwenye ruta unapiga kwa intaneti bila kuwasha kompyuta.

Mie kilichonifanya nisizitupe ni Bibi.

Bibi anakaa ghorofa ya pili Mji Mkongwe, umri umepita themanini, na simu ya kioo tumeshamnunulia mara mbili na mara zote mbili kairudisha. Maneno yake: "Mie kioo chenu sikiwezi, nikikigusa kinakwenda pengine." Tukampa kitochi, kile cha vitufe chenye tochi, nacho kikawa na mambo yake, mara kimepotea ndani ya shuka, mara hakina chaji siku tatu, mara kakizima kwa bahati mbaya na watu huku roho juu tunapiga hapatikani mpaka atumwe mtoto kwenda kugonga mlango. Anachotaka yeye ni simu ile ya zamani aliyokuwa nayo babu, inakaa pahala pake palepale kila siku, inalia kwa sauti mtu asikie mpaka jikoni, unainyanyua unasema halo. Basi. Ndo nikasema hebu nizitazame hizi mbili.

Ile Philips nilianza nayo kwa sababu inapendeza zaidi, na nikaiacha baada ya dakika ishirini. Upande wake wa intaneti ulijengwa juu ya Skype peke yake, na Skype imefungwa tarehe 5 Mei 2025, hakuna tena pa kuingia, ukiiwasha inatafuta inatafuta kama mtu anaegonga nyumba iliyohamwa. Upande wa laini ya kawaida bado unafanya kazi, tundu lake la waya wa simu lipo, kwa hiyo sio takataka moja kwa moja, ila nusu ya ile simu imekufa na hakuna fundi wa kuifufua maana tatizo haliko ndani ya simu.

Gigaset hadithi yake tofauti, na hapa ndo kwenye jambo lenyewe kwa hiyo nivumilieni kidogo. Yenyewe kwa upande wa intaneti inazungumza SIP, na SIP sio mali ya kampuni yoyote, ni utaratibu wa wazi uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1999 unaosema tu simu mbili zitaitana vipi, zitakubaliana vipi na zitakata vipi. Siemens waliuza sehemu kubwa ya biashara hii ya simu za nyumbani mwaka huohuo wa 2008, kampuni ya Gigaset yenyewe ikafilisika mwaka 2023 na mwaka uliofuata VTech wakanunua, yaani mwenye simu kabadilika, kaanguka, kanunuliwa, na kidude hiki cha Bibi hakijui na wala hakijali, kwa sababu mpaka leo ruta na seva mpya kabisa bado zinaongea SIP ileile. Kwa hiyo mtu akikuletea simu ya intaneti ya kizamani swali la kwanza usiulize ya mwaka gani wala inang'aa vipi, uliza inaongea SIP au inaongea na kampuni yake tu.

Haya, kazi yenyewe sasa.

Kwanza betri. Mikono yote miwili ilikuwa imekufa, unaweka kwenye chaja skrini inamulika halafu inazima. Ndani ya kila mkono mna betri mbili za AAA, zile nyembamba za rimoti, lakini tafadhali wee usije ukaweka za rimoti kweli. Lazima ziwe za kuchaji, zimeandikwa NiMH na volti 1.2, ukiweka za kawaida ukakalisha mkono kwenye chaja zinaweza kuvuja au kupasuka, sio mchezo. Nilizunguka Darajani maduka matatu, wawili walitaka kuniuzia za kawaida kwa kiapo kwamba "zinachajika hizi bro", wa tatu ndo alikuwa nazo za kweli, nne kwa shilingi 20,000. Nikaziacha zichaji usiku kucha, asubuhi mikono yote miwili hai. Mpaka leo mkono ukinyanyuliwa asubuhi ukasahauliwa kitandani unafika kesho yake bila wasiwasi.

Pili plagi. Adapta zake ni zile za Ulaya za miguu miwili ya duara na soketi zetu ni za miguu mitatu. Kila mtu hapa anajua ule ufundi wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili mawili ya chini yafunguke, na mie ndo nilivyoanza, halafu nikaona haya, nyumba ya mtu mzima hii, nikanunua adapta za kubadilishia mbili. Umeme wenyewe hauna taabu, wao 230 na sie 230.

Tatu, na hii ndo ilonichukua muda, laini. Watu wengi mnadhani simu ya mezani bila waya wa simu wa zamani ukutani haina maana, na kwa Bibi ule waya ulishakatika zamani hata mchoro wake ukutani umepakwa chokaa. Lakini Gigaset hii kitako chake, yaani kile kipande kinachobaki pahala pake na nyaya zake, kina matundu mawili, moja la waya wa intaneti na moja la waya wa simu ya kawaida, na hilo la pili halijui kama upande wa pili kuna nguzo au kuna kitu kengine. Kuna vile viboksi vya kuwekea laini ya simu ya mkononi, unatia laini ndani, kina antena, na nyuma kina tundu la waya wa simu, ukichomeka simu ya mezani inasikia mlio wa laini kama kawaida tu. Nilikipata kimoja cha mtumba kwa shilingi 60,000. Waya wa Kijerumani uliokuja na simu haufai, mbele una plagi yao kubwa ya ajabu, lakini upande wa kitako ni tundu la kawaida na wanatumia nyaya mbili za katikati, kwa hiyo waya wowote wa simu wenye vichwa vidogo pande zote mbili unaingia. Elfu tatu.

Kuna ruta za 4G vilevile ambazo nyuma zina tundu la simu, Huawei B315 kwa mfano, ukiwa nayo tayari jaribu kabla hujanunua kiboksi. Ila usiliamini tundu kwa macho! Ruta nyingi za kampuni za simu ule upande wa sauti umezimwa kwenye programu yake, tundu lipo, mlio haupo. Yangu mie ndo hivyohivyo. Chukua simu yoyote ya mezani chomeka, ukisikia "tuuu" una bahati, ukisikia kimya rudi kwenye kiboksi.

Siku ya kwanza nilipochomeka nikanyanyua mkono nikasikia ule mlio, wallahi nilicheka peke yangu. Nikapiga namba yangu. Kimya. Sekunde moja, mbili, tatu, nikajua imekufa, nikakata. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nikachelewa kukata na ghafla ikalia mfukoni! Kumbe kiboksi kinakusanya namba kwanza kinangoja kama sekunde tano kione umemaliza, ndo kinaita. Sasa mimi nimejua, lakini Bibi ukimwambia ngoja sekunde tano yeye ishamtoka subra, anasema "imekataa" anakata. Dawa niliyoipata ni kumzoesha kwa maneno, akibonyeza asome Bismillahi pole pole na akimaliza itakuwa inaita. Imekubali, siku hizi anasema simu yake inaanza kwa Bismillahi.

Mambo ya laini yenyewe ambayo hakuna atakaekwambia. Menyu za nyota na reli hazipiti, ukipiga namba ya kuangalia salio kupitia simu ya mezani unapata kelele tu, kwa hiyo kifurushi cha dakika namnunulia kutoka kwenye simu yangu naelekeza kwa namba ile. Meseji nazo zinaishia humo kwenye kiboksi, Bibi hazioni, kwa hiyo usije ukatia laini ambayo mtu anapokelea pesa. Sie tulisajili laini mpya kwa kidole chake yeye mwenyewe, ya kupigia na kupokelea tu, basi. Na namba ya anaepiga mwanzo haikuwa ikionekana kwenye skrini, ilikuwa mpangilio wa kiboksi unatuma namba kwa njia ambayo simu hii haiisomi, niliingia kwenye mpangilio wake nikabadilisha kutoka DTMF kwenda FSK ikaanza kuonekana. Hili lilinichukua jioni nzima, nawaokolea jioni yenu.

Hapo tayari una simu ya kawaida. Ungeweza kusimama hapo. Mie sikusimama kwa sababu lile tundu la intaneti lilikuwa linanitazama.

Ami kule kwake ana FRITZ!Box, ni ruta ambazo Wajerumani wengi wanazo nyumbani, na ndani yake mna kiswichi kizima cha simu, yaani inaweza kupokea simu za SIP zijisajili kwake kama watoto wa nyumba. Na inakubali kusajili mtoto alieko nje ya nyumba, kwa njia ya intaneti, ukimruhusu. Kwa hiyo nikampigia ami, tukakaa hewani saa nzima yeye anasoma menyu za Kijerumani mie nakisia, akatengeneza simu mpya ndani ya ruta yake, akaipa jina la mtumiaji na paswedi ndefu (ndefu kweli, msiweke 1234, kuna watu kazi yao kutafuta akaunti kama hizi wapige simu za gharama kwa bili yako). Na kwenye mpangilio wake akaizuilia kupiga nje, iite humohumo ndani tu.

Upande wangu unabonyeza kidogo kile kitufe cha kwenye kitako, mkono unakuonesha anwani ya IP, unaiandika kwenye brauza ya kompyuta iliyoko kwenye ruta hiyohiyo, inakuja kurasa ya mipangilio. Kurasa ya kizee, brauza itakuonya kwamba sio salama na kweli sio salama kwa kuiweka hadharani, lakini humo ndani ya nyumba yako unapita. Inauliza PIN, ni 0000 kama hamkubadilisha. Ami alibadilisha na keshaisahau bila shaka. Ikabidi nichomoe umeme, nikishikilie kile kitufe cha kwenye kitako huku narudisha umeme mpaka ikajisahau yote, na baada ya hapo mikono nayo inabidi uisajili upya mmoja mmoja. Sio kazi kubwa ila usishtuke ukiona mkono unatafuta kitako chake kama mtoto aliepotea sokoni.

Humo ndani kuna nafasi sita za akaunti za SIP. Nikajaza moja, jina, paswedi, anwani ya ruta ya ami. Ikajisajili mara ya kwanza! Nikapiga, ikaita Ujerumani, ami akapokea, yeye ananisikia mie simsikii. Mwenye kujua mambo haya keshacheka, ndo ugonjwa wao wa kawaida, sauti inakwenda upande mmoja kwa sababu njia ya kurudi imezibwa na ruta. Kwenye mpangilio nikawasha STUN, kitu kinachoisaidia simu kujua anwani yake ya nje ya ruta, nikafupisha ule muda wa kugusagusa seva ili njia isifungwe nikaweka sekunde 20, na tangu hapo sauti pande zote mbili. Matumizi ya bando nimepima, ni kama MB 80 kwa saa nzima ya mazungumzo, na Bibi na mwanawe hawajapata kufika saa, wanamaliza salamu za watu wa kule dakika ishirini halafu wote wawili wanakumbuka wana chungu motoni.

Sasa kila kitu kimo kwenye kitabu cha namba cha mkono. Jina "UJERUMANI" nyuma yake mna **9#1. Ile **9 kwa FRITZ!Box maana yake liza simu zote za nyumba, na #1 ni kuiambia Gigaset pitia akaunti ya kwanza ya intaneti. Bibi akibonyeza, nyumba nzima ya ami inalia kule, sebuleni, chumbani, kote. Ami yeye akitaka kupiga anabonyeza **620 simu ya Zanzibar inalia kama vile anaita chumba cha juu. Hakuna programu, hakuna "nitumie kodi iliyokuja", hakuna "Bibi shika kamera chini kidogo tunaona dari". Mke wa ami ananambia mwanzo walikuwa wanaruka kila ikilia zote pamoja, sasa wakisikia hivyo tu watoto wanasema "Bibi Unguja".

Mtoto mwengine wa Bibi yuko Muscat na tulijaribu kumfanyia hivihivi, kwake haikushika, Oman wana masharti yao ya simu za mtandaoni, tukaacha. Yeye anapiga kwa namba ya kawaida ya laini. Bibi kwake yeye hazina tofauti, simu imelia.

Mambo mawili ya hatari niyaseme hapa yasije yakapita. La kwanza 112. Hapa kwetu 112 ni dharura, na Ujerumani 112 ni dharura vilevile. Fikiria simu imepangwa kupitia intaneti kwanza, mtu anaanguka ngazi Mji Mkongwe anabonyeza 112 anapokelewa na zimamoto wa Kijerumani. Kwa hiyo kwenye kurasa ya mipangilio kuna sheria za kupiga, ziandike wazi kwamba 112 na 114 zipite laini ya kawaida siku zote, na kile kitufe cha kijani ukikibonyeza kifupi kiwe laini ya kawaida, ukikikandamiza ndo intaneti. La pili, utaona tundu la intaneti na tundu la laini vimo kwenye kidude kimoja na shetani atakwambia mbona tusiviunganishe, mtu wa nje aingie kwa intaneti atokee kwa laini ya hapa. Usifanye. Hiyo ndo inayoitwa simboksi, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanazitafuta na watu wanafikishwa mahakamani. Simu ya Bibi ibaki simu ya Bibi.

Vilivyokufa ni vile vilivyokuwa vinaisifia kwenye boksi. Hali ya hewa kwenye skrini, habari, kuoneshwa email mpya, simu za bure baina ya wenye Gigaset, hivyo vyote nilivizima, na saa pia haijiseti yenyewe tena, umeme ukikatika inarudi kwenye tarehe ya zamani huko mpaka uiseti kwa mkono. Bibi kwenye hilo ananikera kweli maana anaipenda ile saa kuliko ya ukutani, kila umeme ukirudi ananipigia kunambia simu yake imeingia 2005 tena.

Umeme ndo udhaifu wake mkubwa hasa. Kiboksi kina betri yake ndani, kinadumu saa kadhaa, lakini kitako cha Gigaset hakina, umeme ukizima mikono inabaki na chaji yake lakini haina wa kuzungumza nae. Nilitaka kununua kibetri cha kuwekea ruta, nikaona volti hazilingani na za adapta yake nikaogopa (soma kilichoandikwa kwenye adapta yako kabla hujachomeka chochote, usikisie). Nikafanya jambo la kishamba zaidi na limefanya kazi, nimetia kigawanyio kwenye tundu la kiboksi, upande mmoja Gigaset na upande wa pili simu ya waya ya vitufe ya kizamani kabisa aliyokuwa nayo babu, ile isiyotaka umeme kwa sababu inakula kutoka kwenye laini yenyewe. Umeme ukiwepo zinalia zote mbili, umeme ukizima inalia ya babu peke yake. Yaani kwenye meza ile moja simu iliyo mzee kuliko zote ndo inayofanya kazi wakati mgumu, na Bibi hachoki kunikumbusha.

Sauti ni nzuri, hapa sina la kulalamika, ni kubwa na haina mikwaruzo, kwa masikio ya mtu mzima imekaa sawa kuliko kitochi. Vitufe vina taa. Mlio ukiuweka juu kabisa unasikika mpaka uani. Masafa ndo ya kuangalia kwa nyumba zetu za mawe, vitabu vya simu hizi vinasema mita 50 ndani ya nyumba na 300 nje, sahau hizo, kuta za Mji Mkongwe ni mawe na chokaa unene wa mkono mzima, ukuta mmoja inapita, wa pili inaanza kukatika, wa tatu kwaheri. Kitako nimekiweka kwenye ngazi katikati ya nyumba sio sebuleni, inafika chumbani na jikoni, chini dukani haifiki.

Lakini upande wa dirishani inafika mbali ajabu kwa sababu dirishani hakuna ukuta, na hapo ndo pa ule mkono wa pili. Uchochoro wetu ni mwembamba, mtu akinyoosha fito kutoka dirisha la Bibi anagusa dirisha la Bi Mkubwa wa mbele, wamekuwa majirani tangu kabla mie sijazaliwa na siku zote mazungumzo yao yalikuwa ya kupigiana kelele dirishani mpaka watalii wanasimama chini wanaangalia juu. Nilikwenda kujaribu tu mkono unashika mpaka wapi, nikapeleka kwake, ukashika vizuri mno kuliko hata jikoni kwa Bibi. Mikono ya kitako kimoja inapigiana ndani kwa ndani bila laini wala intaneti, bure, unabonyeza INT halafu 2. Nikaenda kuuchukua kesho yake, Bi Mkubwa keshautengenezea kitambaa cha kufumia chini yake na chaja keshaiweka pembeni ya redio.

Kwa jumla imenigharimu kama laki moja na kidogo, simu yenyewe bure. Kama huna mtu wa nje mwenye ruta ya namna ile achana na intaneti, fanya ule upande wa kiboksi tu, utapata asilimia tisini ya faida kwa nusu ya maumivu ya kichwa. Na ukiona Gigaset ya zamani yoyote yenye IP kwenye jina mtu anataka kuitupa ichukue, hasa ikiwa na mikono yake, maana kitako kimoja kinabeba mpaka sita, na mie sasa hivi natafuta wa tatu, Bi Mkubwa kashasema wake haurudi na dada yake wa nyumba ya pembeni keshauliza.